UZI: Vibao vya historia kando ya barabara Uasin Gishu, viandikwe nini na vikae wapi?

#1 Mwana wa Nyanda

Wakuu salaam. Bandiko hili ni refu, mwenye haraka apite tu.

Ukitoka Eldoret kuelekea Iten utapishana na vibao vya kila aina: kanisa, shule ya bweni, kambi ya wanariadha, dawa ya kupe, na mwanasiasa aliyeanguka uchaguzi uliopita lakini bango lake bado linatabasamu. Ukifika Iten lile lango linakukaribisha nyumbani kwa mabingwa. Kuhusu watu waliokaa kwenye ardhi hii kabla ya lami, mimi binafsi sijaona hata mstari mmoja kwenye barabara ile. Sasa wanakijiji wachache tumekubaliana kuchanga tuweke kibao chetu wenyewe upande wa Sergoit. Ugomvi umeanza kwenye sentensi ya kwanza kabisa, maana mwenzetu mmoja alileta rasimu inayosema: "Hapa ndipo walipofika walowezi wa kwanza mwaka 1908."

Wa kwanza kwa hesabu ya nani? Ngoja nishushe historia kinyumenyume, kuanzia wanaojulikana zaidi.

Waliofika 1908 ni Makaburu. Baada ya vita vyao na Waingereza kule Afrika Kusini, 1899 hadi 1902, wengi walibaki mikono mitupu. Kundi kubwa, familia 47 hivi zikiwa na watu zaidi ya 200, likiongozwa na Jansen van Rensburg, lilipanda meli Lourenço Marques (Maputo ya leo), likashuka Mombasa, likapakia magari ya ng'ombe na farasi kwenye treni hadi Nakuru. Kutoka Nakuru hapakuwa na barabara ya kuitwa barabara. Waliondoka Agosti wakapenya msitu wa Timboroa, mvua inanyesha, matope yanafika kwenye mhimili wa gurudumu, na mahali pa kinamasi wanakata miti kutandika chini ili gari lipite. Walifika Sergoit Oktoba. Leo matatu inakula njia hiyo asubuhi moja na bado abiria wanalalamika. Tena hata hao hawakuwa Makaburu wa kwanza, maana akina van Breda walishatangulia miaka kadhaa.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imekata nyanda vipande vyenye namba. Shamba namba 64 lilikuwa na udongo hafifu, ndiyo maana likatengwa kwa ajili ya mji. Posta ikaja 1910, jina la Eldoret likaja 1912, na wazee hadi leo wanasema Sisibo, yaani ile sitini na nne. Reli ilifika 1924. Kabla ya hapo kila msumari, kila gunia la chumvi, kila kinanda cha kanisa kilitoka stesheni ya Londiani kwa gari la ng'ombe.

Sasa rudi nyuma miaka mitatu tu kabla ya ile 1908 ya Makaburu. Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa wa jeshi la Waingereza, Meinertzhagen, kwenye mkutano ulioitishwa kwa jina la amani. Wanandi walikuwa wamepambana na Waingereza takriban miaka kumi. Baada ya kifo hicho wakasukumwa ndani ya rizavu, yaani eneo walilotengewa na wakoloni, na malisho yao ya huku juu yakahesabiwa kuwa ardhi tupu. Kwa hiyo Makaburu walipoona nyanda hazina mtu, ni kweli waliona hivyo, ila utupu wenyewe ulikuwa bado mbichi.

Rudi tena kidogo, 1903. Uingereza kupitia waziri wake Joseph Chamberlain iliwapa Wazayuni wa Theodor Herzl nafasi ya kuweka makazi ya Wayahudi papa hapa. Wenyewe waliuita mpango wa Uganda kwa sababu hadi 1902 eneo hili lilikuwa upande wa Uganda. Mkutano wao wa Basel ulipiga kura 295 kwa 178 kutuma wakaguzi. Wakaguzi watatu walifika, wakazunguka mwanzoni mwa 1905, wakarudi na ripoti isiyofurahisha, na mkutano uliofuata ukakataa. Hebu fikiria kibao cha jambo lililokaribia kutokea. Hicho nacho kingesomwa.

Rudi hadi 1883. Joseph Thomson alikatiza nyanda hizi akielekea Kavirondo, upande wa Ziwa Victoria, akakuta nyika isiyo na boma. Wamaasai wa Uasin Gishu, wale ambao kaunti nzima inabeba jina lao, walikuwa wameshavunjwa vitani na Wamaasai wenzao na kutawanyika. Wazao wao leo wako Trans Mara. Kaunti ina jina la watu wasiokaa ndani yake, na mgeni akiuliza mtaani, wengi hawana jibu.

Kabla yao ndipo tunafika kwenye mashimo. Kila aliyekulia huku ameyaona hata kama hajui ni nini: duara zilizobonyea kwenye mteremko, upana wa mita 10 hadi 20 hivi, mara nyingi kadhaa pamoja. Hayakuchimbwa kusaka maji wala hayakuwa mitego ya tembo. Ni mazizi ya ng'ombe ya watu tunaowaita Sirikwa. Ubavu wa juu wa mteremko ulichimbwa ndani, mlango ukaachwa upande wa chini ili maji ya mvua yapate pa kutokea. Kando ya mlango kuna kichuguu kilichojengeka kwa samadi na matope yaliyozolewa zizini mwaka baada ya mwaka. Nyumba zilishikana na zizi kwa nje, lakini mlango wake uliingilia ndani ya zizi. Kumfikia mtu ilibidi upite kwanza katikati ya ng'ombe wake. Sehemu kadhaa za huku kwetu ukuta wa shimo umepangwa kwa mawe. John Sutton, mwanaakiolojia aliyeyazunguka mashimo haya miaka ya 1960, ameyaweka kati ya karne ya 12 au 13 na ya 18. Hesabu mwenyewe: miaka 500 ya ufugaji dhidi ya miaka isiyozidi 60 hivi ya Makaburu.

Msimamo wangu ni huu: kibao kikae kwenye mashimo, si mahali magari ya ng'ombe yalipoegeshwa, na neno "wa kwanza" lifutwe kabisa. Karibuni mnipinge.

#2 Chai ya Rangi

Nimevuta kiti. Mleta uzi, hiyo ya Wayahudi nilidhani ni porojo za kijiweni.

#3 Mzee Kombaini

Kijana umeandika vizuri, sasa nikwambie upande wa mwenye jembe.

Shamba la baba yangu lina duara hizo upande wa mtoni. Baba alinunua kwenye kampuni ya ununuzi wa ardhi baada ya uhuru, hisa kwa hisa, na kwenye ramani aliyopewa hakuna shimo lolote lililochorwa. Kulima pale ni taabu. Trekta ikikata ukingo inainama upande, dereva anatukana, plau inaruka, na mawe yale ya ukutani yanakunja visu. Kwa hiyo kila anayekodi trekta anataka shimo lifukiwe. Jirani amefukia yake yote na hutaona kitu tena, isipokuwa msimu wa masika, mahindi yakiwa magotini, unaona mduara wenye rangi ya kijani iliyokolea kuliko mengine. Ile samadi ya Sirikwa bado inalisha mtu, na mbolea ya dukani ilivyo bei sasa!

Sisi tumeacha mawili kwa sababu ndama wanapenda kulala humo upepo ukivuma. Hiyo ndiyo sababu ya pekee. Usifikiri ni mapenzi ya historia.

Unaposema kibao, mimi nasikia watu wenye buti na tepu wakiingia shambani kwangu. Kwanza watapima, kisha watasema nisilime, halafu baada ya miaka kumi mtu atakuja na karatasi aniambie ardhi ni ya taifa. Hilo umelijibu wapi?

#4 Kahawa Chungu

Wakuu, nachangia kutoka Arusha, maana hao Makaburu wenu ni ndugu wa waliopita kwetu.

Wajerumani waliwapa Makaburu ardhi kuzunguka Mlima Meru kuanzia mwaka 1904 na 1905 hivi. Wengine walikaa, wengine hawakuelewana na Wajerumani wakavuka kwenda upande wa Waingereza, na baadhi waliishia huko Uasin Gishu. Kwa hiyo kibao kikiandika tu "walitoka Afrika Kusini" kitakuwa kimeruka kituo kimoja.

Kuhusu ardhi tupu, sisi tunaujua wimbo huo vizuri. Engare Nanyuki 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Nyumba zikachomwa. Wameru hawakutulia, wakachanga pesa kijiji kwa kijiji wakamtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, 1952. Hawakurudishiwa ardhi kwa uamuzi wa pale, lakini kesi ile iliwafungua macho watu wengi katika Tanganyika. Basi ukipita leo barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, mgeni anaonyeshwa mlima na twiga. Mjini tuna mnara wa saa ambao kila mwongoza watalii atakuapia ni katikati kabisa ya Cape Town na Cairo. Ukipima kwenye ramani unacheka. Lakini picha wanapiga!

Halafu hao Sirikwa. Simulizi za Wakalenjin, yaani kina Wanandi, Wakeiyo na ndugu zao, kama nilivyosoma, zinasema walihamia kusini, yaani kwetu. Watu wakishasikia hivyo wanakimbilia Engaruka, ile mji wa mawe chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli. Mimi siwaunganishi. Engaruka walikuwa wakulima wa mfereji hasa: kama hekta 2,000 za mashamba ya mawe na mifereji, karne ya 15 hadi ya 18, na samadi ya ng'ombe waliofugwa ndani ilikuwa sehemu tu ya kazi. Kinachofanana ni kimoja, kwamba kote kuwili watu waliondoka karibu wakati uleule na hakuna aliyebaki mlangoni kutuambia kwa nini.

#5 Bei ya Gunia

Nyinyi mna wakati. Barabara ya kwetu kuingia ndani ukitoka lami ni mashimo matupu, na hayo hayakuchimbwa na Sirikwa.

Pili, kibao cha chuma Kenya hakimalizi mwaka. Vile vya kona kali na daraja vinang'olewa usiku vinauzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, ndiyo maana serikali ilifikia kupiga marufuku biashara hiyo mapema 2022 kwa miezi kadhaa. Ukiweka chenu cha historia, historia yake yenyewe itakuwa fupi.

#6 Mwana wa Nyanda

@Bei ya Gunia, chuma hatutumii. Tunazungumza jiwe la kuchonga au zege lenye maandishi yaliyozama ndani. Fundi anatoza kwa herufi, kwa hiyo maneno lazima yawe machache, na hapo ndipo kila mtu anataka la kwake libaki.

@Mzee Kombaini, nimekusoma. Jibu lako naliandaa, lakini nataka kusikia wanaojua sheria kwanza.

#7 Mkimbiaji Mstaafu

Nililetwa Marekani na mbio za nyika, chuo kikaisha, nikabaki. Nimeishi Kansas muda mrefu na kazi yangu ni ya barabarani, kwa hiyo vibao vya historia nimevisoma vingi kuliko Biblia.

Huku ni utamaduni kabisa. Jimbo la Virginia lilianza kuvisimika kando ya barabara kuu 1927, magari yalipoanza kuwa mengi, na majimbo mengine yakafuata. Vingi vya zamani vina ugonjwa uleule mnaougombania: mlowezi mweupe wa kwanza, kinu cha kwanza, mtoto mweupe wa kwanza kuzaliwa katika kaunti. Ukisoma vya namna hiyo mfululizo unaweza kuamini ardhi ilizaliwa siku ile gari la farasi lilipofika, na Wahindi Wekundu walikuwa sehemu ya hali ya hewa.

Lakini kiko kimoja ambacho huwa nasimama. Kaunti ya Graham, magharibi ya Kansas, kwenye barabara ya US 24, mahali panaitwa Nicodemus. Ni kijiji kilichoanzishwa 1877 na watu weusi, wengi wao kutoka Kentucky, waliokuwa watumwa miaka kumi na kidogo tu kabla. Matangazo yaliwaahidi ardhi nzuri na mji. Mwezi Septemba kundi la kama watu 300 likafika. Hakukuwa na mji. Hakukuwa na miti ya kujengea pia, maana kule ni nyasi hadi macho yachoke. Waliokuwapo walikuwa wamechimba nyumba ndani ya ardhi, kwenye kingo za mto, wakaezeka juu kwa matawi na nyasi. Mwanamke mmoja, Willina Hickman, alifika na kundi lililofuata, masika ya 1878, na alisimulia baadaye: wenzake walishangilia kwamba Nicodemus ndiyo ile pale, yeye akitazama haoni kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Akaanza kulia.

Majira ya baridi ya kwanza wangekufa njaa. Simulizi ya pale inasema Waosage, wakirudi kutoka kuwinda, waliwagawia nyama. Kwa hiyo hata "walowezi wa kwanza" wa Nicodemus walilishwa na watu waliokuwa wenyeji wa nyika hiyo kabla yao.

Kijiji kilikua, kikawa na makanisa, hoteli, magazeti mawili. Reli iliyosubiriwa ikapita pembeni 1888, maduka yakahama kuifuata. Leo wamebaki watu wachache mno, lakini tangu 1996 ni eneo la historia la taifa lenye ulinzi wa serikali kuu, na wazao hurudi kila mwaka mwezi wa saba kusherehekea.

Mzee Kombaini, hoja yako ya shamba: kule Nicodemus watu wana mashamba yao na wanalima. Kilichohifadhiwa ni majengo matano, si kaunti nzima.

#8 Damu ya Mlima

Mnazunguka mbuyu. Sirikwa ni sisi. Kila mtoto wa huku anajua. Andikeni hivyo na wengine wote ni wageni, waliokuja na magari ya ng'ombe na waliokuja na lori baada ya 1963 vilevile. Kibao kiseme ukweli.

#9 Chai ya Rangi

Ndiyo haya sasa.

#10 Msimamizi

Onyo la kwanza na la mwisho. Historia ruksa, kuitana wageni hapana. Atakayerudia uzi utafungwa.

#11 Bibi Nyaraka

Wanangu, nimefanya kazi ya kumbukumbu miaka mingi na sasa nimestaafu, naomba nafasi.

Kwanza @Damu ya Mlima. Kwamba Wakalenjin wana damu ya Sirikwa ndani yao, hilo hata Sutton alilisema, kwamba watu wale kwa sehemu kubwa hawakutoweka bali waliacha namna ile ya kujenga zizi na wakaendelea kuwa wafugaji. Zizi la shimo lilitosha kumzuia mwizi wa usiku mmoja mmoja. Lilipokuja jeshi la rika zima la vijana wa Kimaasai likawa mtego kwa mwenye nyumba. Lakini simulizi nyingine, tena za Wakalenjin wenyewe, zinasema Sirikwa walikuwa watu wengine na waliondoka. Kibao hakiwezi kukata shauri hilo kwa maneno 80.

Pili, na hapa nasema kwa utulivu. Kaunti hii imeshachomeka kwa neno hilo la nani alitangulia. Mwaka 1992 ilichomeka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji, lilichomwa likiwa na kina mama na watoto waliokimbilia humo. Hakuna aliyeuawa pale kwa sababu ya mashimo ya karne ya 13, lakini hoja ya kwamba fulani ni mwenye ardhi na fulani amekuja juzi ndiyo iliyokuwa midomoni. Jina lenyewe la Sirikwa limetumika kwenye kesi ya mashamba makubwa ya huku iliyofika hadi Mahakama ya Juu, hukumu ikatoka 2023. Kwa hiyo mleta uzi anaposema neno "wa kwanza" lifutwe, si adabu tu, ni usalama.

Tatu, sheria. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni, lakini minara na magofu yenye umuhimu wa kitaifa yakabaki kwa serikali kuu. Kuna Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006: mtu akigundua kitu cha kale anatakiwa kutoa taarifa, na waziri anaweza kutangaza eneo kwenye Gazeti Rasmi kuwa urithi unaolindwa. Mzee Kombaini, kutangazwa hivyo ndiko kunakobana matumizi ya shamba. Kibao cha wanakijiji kando ya barabara hakitangazi chochote na hakigusi hati yako. Ila akiba ya barabara si ya kijiji. Mwenye barabara lazima aombwe kwa barua, la sivyo tingatinga la upanuzi litabeba jiwe lenu bila kusoma.

Anayetaka kuona mashimo yaliyotunzwa vizuri aende Hyrax Hill, Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba 1937. Pale kuna makumbusho, unatembea hadi ukingoni na unaona mlango ulikuwa wapi.

#12 Mwana wa Nyanda

Asante sana bibi. Basi nimekaa na wenzangu tukaandika hivi, mtuchambue:

*MASHIMO YA SIRIKWA. Duara zilizo kwenye mteremko huu ni mazizi ya ng'ombe ya wafugaji walioishi nyanda hizi hadi karne ya 18. Baada yao walichungia hapa Wamaasai wa Uasin Gishu, kisha Wanandi na Wakeiyo. Baada ya vita vya 1905 Wanandi waliondolewa. Mwaka 1908 Makaburu waliofika kwa magari ya ng'ombe walipewa mashamba. Baada ya uhuru ardhi ilinunuliwa na kugawanywa upya. Tafadhali usichimbe.*

#13 Kahawa Chungu

"Waliondolewa" na nani? "Walipewa" na nani? Vitenzi viwili vya kutendwa na mtendaji hayupo mahali popote. Andika serikali ya kikoloni iliwaondoa hawa ikawapa wale. Ni sentensi moja badala ya mbili, na fundi atawapunguzia bei.

#14 Mkimbiaji Mstaafu

Naunga mkono #13. Pia kipande cha "ilinunuliwa na kugawanywa upya" kiache hivyohivyo, usiongeze kabila la mnunuzi hata moja. Na weka mchoro wa zizi: duara, mlango, nyumba ubavuni, kichuguu. Mtoto wa darasa la nne atauelewa kabla hajasoma neno.

#15 Damu ya Mlima

Sawa, nimeelewa onyo. Lakini Wanandi na Wakeiyo mmeandika "kisha" kana kwamba walikuwa wanasubiri foleni. Wakeiyo walikuwa ukingoni na msituni muda wote, na msitu wao ukachukuliwa na mzungu kwa mkataba wa mbao. Hilo halimo.

#16 Bibi Nyaraka

Hapo ana haki. Mkataba wa Grogan uliwabana Wakeiyo kweli, na hilo lastahili jiwe lake upande wa Kaptagat. Kwenye hili, ondoeni "kisha", andikeni "na, kwa nyakati tofauti,". Na msisahau kuwa kanisa la Reformed Church of East Africa pale mjini mizizi yake ni kanisa la hao Makaburu. Yapo mengi ya kuandika, msiyapakie yote kwenye jiwe moja.

#17 Bei ya Gunia

Swali la mjinga: nani atasimama? Barabara ile matatu zinapaa. Abiria ataona jiwe linapita kama umeme, atauliza "hilo ni kaburi la nani," basi.

#18 Mzee Kombaini

Bei ya Gunia leo umeongea neno. Mimi nimesema na mke wangu na vijana. Shimo moja, lile la juu lenye mawe, tunakubali lionekane, bila karatasi ya kusaini, na tutazungushia waya wenyewe. Lakini jiwe lisiwe shambani. Lipelekwe kwenye matuta pale kwenye kituo, wanapochomea mahindi. Kila gari linapunguza mwendo, na anayesubiri hindi lake liive hana kingine cha kusoma.

#19 Mwana wa Nyanda

Mzee wangu, umemaliza. Kesho naandika barua ya kuomba nafasi pale kwenye matuta. @Kahawa Chungu nitumie sentensi yako ilivyonyooka, fundi anataka maneno kabla ya Ijumaa.

#20 Chai ya Rangi

Na huyo mama wa mahindi mmeshamwambia?